Monita mpya ina doa: uirudishe, udai dhamana, uitibu mwenyewe au upunguziwe bei?

Umefungua boksi, umetoa sponji, umewasha, na kwenye skrini nyeupe kuna nukta nyeusi isiyofutika kwa kitambaa. Hapo una njia nne: kuirudisha dukani ubadilishiwe, kudai dhamana kwa mtengenezaji, kujaribu kuitibu mwenyewe, au kubaki nayo ukarudishiwa sehemu ya pesa. Hakuna njia moja inayofaa kila kasoro. Nukta iliyokwama huenda ikapona ndani ya nusu saa bila kulipa chochote. Mstari uliotoka juu hadi chini hauponi, na kila siku unayousubiri inampa muuzaji nafasi ya kusema muda umepita.

Kwa hiyo tuanze na utaratibu, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoteza haki yao: mjulishe muuzaji siku hiyo hiyo uliyoona kasoro, kwa ujumbe wa WhatsApp wenye picha na namba ya tambulisho ya monita, ndipo uanze dawa yoyote. Dawa ikifanya kazi, unamwambia yamekwisha. Ikishindikana, ujumbe wako una tarehe.

Kwanza jua mgonjwa ni nani

Si kila ubaya unaoonekana kwenye skrini ni wa skrini. Kuna vipimo vitatu, na vyote havizidi dakika tano.

Bonyeza kitufe cha menyu ya monita yenyewe, ile ya mwangaza na rangi. Menyu hiyo huchorwa na saketi iliyo ndani ya monita, wala haitoki kwenye kompyuta. Mstari au doa likipita juu ya menyu, kasoro iko ndani ya monita. Menyu ikiwa safi huku picha nyingine imevurugika, shuku kebo, tundu au kompyuta. Kisha piga picha ya skrini kwa kompyuta, ijitumie kwenye simu. Ubaya ukionekana kwenye simu, kadi ya picha ndiyo mgonjwa. Mwisho, badilisha kebo na tundu.

Zipo kasoro za uongo ambazo humfanya mtu arudishe monita nzima bure. Ya kwanza ni weusi unaoonekana kijivu na rangi zilizopauka kupitia kebo ya HDMI: kompyuta inatuma viwango vya rangi vya kati ya 16 na 235, kama televisheni, wakati monita inasubiri 0 hadi 255. Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya picha, chagua upana kamili wa rangi, na weusi unarudi papo hapo. Ya pili ni maandishi yenye ukungu. Hii hutokea sana kwa kompyuta za ofisini zilizotumika, zile zinazouzwa kwa wingi Kampala, ambazo nyingi zina tundu la VGA, la aina ya zamani, na la DisplayPort bila HDMI. Mtu anatumia VGA, picha inatetema na herufi zinakuwa na kivuli. Bonyeza "Auto" kwenye menyu ya monita, na hakikisha kompyuta imewekwa kwenye ukubwa halisi wa skrini, kwa mfano 1920 kwa 1080. Bado ukungu upo? Nunua kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI kabla ya kulaumu kioo. Ya tatu ni monita ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) ambayo kishale cha mausi kinaruka-ruka: HDMI ya toleo la 1.4 haivuki mizunguko 30 kwa sekunde kwenye 4K. Na vinukta vyeupe vinavyomulika na kupotea kila mahali ni kebo mbovu. Pikseli mbovu, yaani nukta moja kati ya zile zinazounda picha, haihami mahali pake.

Nukta: iliyokufa, iliyokwama, au vumbi

Skrini ya Full HD (1920 kwa 1080) ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ina vijipande vitatu, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha bluu, kwa hiyo jumla ni vijipande 6,220,800, kila kimoja na transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme. Ukiijua hesabu hiyo huwezi kushangaa kwamba kimoja kinaweza kutoka kiwandani kikiwa kibovu. Ila kushangaa na kukubali ni mambo mawili.

Futa skrini kwanza kwa kitambaa laini kikavu. Halafu fungua picha ya rangi moja ijaze skrini nzima: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, na kijivu cha kati. Kaa sentimita 50 uangalie zima, kisha sogea hadi sentimita 15 na upitishe macho safu kwa safu, kama anayechambua mchele kwenye ungo. Ukipata doa, lete simu karibu na kioo, vuta picha mara 2 au 3, usubiri kamera itulie. Juu ya nyeupe utaona vistari vidogo vya nyekundu, kijani na bluu vimepangwa kama ufumaji wa mkeka. Sasa tazama doa lako limekaaje katika mkeka huo.

Vistari vyote vitatu vikiwa vyeusi, na kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe, hiyo ni pikseli iliyokufa. Kikikosekana kistari kimoja tu, kijipande kimoja ndicho kimekufa: kwa macho ya kawaida, juu ya nyeupe, ukikosekana mwekundu nukta itaonekana ya samawati, ukikosekana wa kijani itakuwa ya zambarau nyangavu, ukikosekana wa bluu itakuwa ya njano. Juu ya nyeusi, kijipande kinachowaka peke yake, chekundu au cha kijani, kimekwama. Na doa likiwa limetanda juu ya pikseli kadhaa, kingo zake zimefifia, na ukisogeza kichwa kushoto na kulia linahama kidogo kutoka kwenye vistari, hilo ni vumbi au uchafu nyuma ya kioo, kati ya tabaka za plastiki zinazosambaza mwanga.

Kuna pia doa linalotembea. Wadudu wadogo wa usiku hufuata mwanga na kupenya kwenye matundu ya hewa hadi ndani ya paneli. Usimbonyeze hata kidogo: akifia hapo, doa ni la kudumu na dhamana haimhusu. Zima monita, weka taa pembeni mwa ukingo, chumba kiwe na giza, umwache atoke mwenyewe.

Aina ya paneli, yaani kioo chenyewe kinachotoa picha, nayo inabadilisha sura ya kasoro; aina kuu ni IPS, VA, TN na OLED, na huandikwa kwenye maelezo ya monita. Katika IPS na VA, fuwele ya ndani ya kioo isiyopata umeme huziba mwanga, kwa hiyo transista ikifa unapata nukta nyeusi. Katika TN ni kinyume: isiyo na umeme hupitisha mwanga, na transista ikifa unapata nukta inayowaka, ambayo inaudhi zaidi. OLED haina taa ya nyuma, kila kijipande hujiangazia chenyewe, kikifa kimekufa.

Ukubwa wa pikseli una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye monita ya inchi 27 ya Full HD, pikseli moja ina upana wa karibu milimita 0.31. Kwenye inchi 27 ya 4K ni milimita 0.155, nusu yake, yaani robo ya eneo. Nukta iliyokufa inayokukera kwenye ya kwanza, kwenye ya pili huenda usiione kabisa ukikaa umbali wa kawaida.

Sasa, nini kinatibika? Kijipande kilichokwama pekee. Dawa ni kubadilisha rangi kwa kasi sana juu ya nukta hiyo ili umeme wake uyumbe na hatimaye kiachie. JScreenFix hufanya hivyo ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Buruta kile kisanduku kinachomulika ukiweke juu ya nukta na uache kwa dakika 10 angalau. Tunashauri nusu saa, kisha saa 3, na kama saa 24 zimepita bila mabadiliko, acha. Mwenye kifafa asikae mbele ya skrini hiyo wakati inamulika.

Kuna mafundi na video zinazofundisha kubonyeza nukta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kalamu. Kwenye monita mpya tunalipinga wazo hilo. Nguvu ikizidi, pikseli za jirani zinaharibika, tabaka la kuzuia mng'ao linabaki na alama inayoonekana kwenye weusi, na mtu wa dhamana akiona alama ya kubonyezwa ana sababu ya kukukatalia. Kwenye OLED usijaribu kamwe.

Mistari

Hapa hatuna mjadala mrefu. Mstari wima wa rangi moja hutokana na utepe mwembamba unaopeleka ishara kutoka kwenye saketi hadi ukingoni mwa kioo. Utepe huo umebandikwa kwa gundi inayopitisha umeme, kwa joto na mgandamizo. Ukiachia hata sehemu ndogo, safu nzima ya pikseli hukosa ishara. Mstari mlalo una chanzo kinachofanana, upande wa saketi inayowasha safu za mlalo.

Fundi anaweza kuweka kipande cha mpira nyuma ya utepe ili ubanwe, na mstari ukapotea. Joto la kuwaka na kuzima likiurudisha, mara nyingi unarudi na mwingine pembeni. Kwa monita iliyotumika ya bei ndogo, hiyo ni dawa ya kusogeza siku. Kwa monita mpya, ni kukubali hasara ya mtu mwingine. Usikubali kupunguziwa bei kwa ajili ya mstari, hata ukipunguziwa nusu. Badilisha.

Nyufa na madoa meusi yaliyosambaa kama wino huonekana baada ya safari mbaya. Hapo swali ni moja tu: kilipasuka kabla au baada ya kukabidhiwa? Dhamana ya mtengenezaji haifuniki kioo kilichovunjika, kwa hiyo ushahidi wako ni video ya kufungua boksi.

Mwanga unaovuja, mng'ao wa pembeni, na kijivu chenye mabaka

Zima taa, weka skrini nyeusi, punguza mwangaza hadi asilimia 30 au 40, kiwango unachotumia usiku. Ukiipima kwa asilimia 100, na hasa ukiipiga picha kwa simu inayoongeza mwanga yenyewe, monita yoyote yenye taa ya nyuma itaonekana imeoza.

Mwanga wa njano au mweupe ukingoni unaobaki palepale hata ukisogeza kichwa ni uvujaji: fremu imebana paneli visivyo sawa na mwanga unapenya. Mwanga wa pembeni unaobadilika ukisogea, na kupungua ukirudi nyuma nusu mita, ni mng'ao wa asili wa IPS. Huu wa pili haubadilishiki kwa kubadilishiwa monita. Ya pili itakuwa nao pia. VA ina weusi mzito zaidi, ukolezi (tofauti kati ya weupe na weusi) wa karibu 3000 kwa 1 dhidi ya takriban 1000 kwa 1 wa IPS, na mng'ao huo haina, lakini vitu vyeusi vinavyosogea huacha kivuli nyuma yake. Hiyo nayo ni tabia ya paneli na muuzaji hana kosa.

Uvujaji wa kiasi, unaoonekana gizani pekee, tungeuacha. Kubadilishiwa ni bahati nasibu: monita ya pili inaweza kuja na uvujaji mdogo na pikseli iliyokufa katikati. Kuna wanaofungua fremu na kulegeza skrubu. Hufaulu mara nyingine, na hupoteza dhamana karibu kila mara.

Kijivu ndicho kipimo ambacho wengi hawakifanyi, na kwa kazi fulani ndicho kikuu. Iache monita iwake dakika 30 ipate joto, kisha weka kijivu cha kati. Upande mmoja ukiwa wa njano na mwingine wa bluu, au kukiwa na mabaka kama shati lililofuliwa vibaya, hakuna programu itakayosawazisha kikamilifu. Mbunifu wa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, anayepanga kadi za harusi atachapisha rangi ya ngozi ya bibi harusi kwa kuamini upande wa kushoto wa skrini, na mteja atazirudisha. Kwake hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kurudisha kuliko pikseli mbili zilizokufa. Mhasibu anayekesha kwenye majedwali meupe ana hesabu tofauti: mabaka hayaoni, ila nukta nyeusi katikati ya safu ataidhania nukta ya desimali kila siku. Amua kwa kazi yako.

Njia nne zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Inafaa | Inakugharimu | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Kubadilishiwa dukani | Mistari, nukta katikati, mabaka ya kijivu, mwanga mkali wa ukingoni | Nauli na nusu siku | Siku za duka ni chache. Boksi likikosekana mazungumzo yanakuwa magumu |
| Dhamana ya mtengenezaji | Kasoro iliyojitokeza baada ya siku za duka. Mistari | Wiki kadhaa bila monita | Nukta chache huhesabiwa ni kawaida. Dhamana inaweza kuwa ya nchi nyingine |
| Kuitibu mwenyewe | Kijipande kilichokwama, kasoro za kebo na mipangilio | Dakika 10 hadi saa 24 | Pikseli iliyokufa haiponi |
| Kupunguziwa bei | Nukta 1 au 2 pembeni, uvujaji mdogo | Unaishi nayo, na ukiiuza bei inashuka | Ukishapokea pesa, huwezi kuidai tena kasoro hiyo |

Duka ndilo linaloshinda mara nyingi, kwa sababu muuzaji hafuati jedwali la mtengenezaji la nukta mbovu zinazoruhusiwa. Anataka mteja atoke ameridhika na monita nyingine iko stoo. Lakini hutegemea ulivyonunua. Dai risiti iliyoandikwa modeli na namba ya tambulisho. Duka lililosajiliwa kwa VAT linatakiwa kukupa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), yenye msimbo wa QR, na hiyo hakuna atakayeikana. Duka dogo litakuandikia kwa mkono, nayo inatosha ikiwa na muhuri, tarehe na namba. Linganisha namba hiyo mahali patatu: ubavuni mwa boksi, kibandiko cha nyuma ya monita, na kwenye menyu kama modeli inaionyesha. Zikitofautiana, hiyo monita ilishatoka kwenye boksi lake kabla yako.

Risiti nyingi zina maandishi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Usitishwe nayo kwa kasoro kubwa. Sheria ya Uganda ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya 2017 inataka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na monita yenye mstari katikati haifai. Kwa nukta moja pembeni, hoja hiyo ni nyembamba, na hapo heshima na mazungumzo vinafanya kazi kuliko sheria. Muuzaji akikataa kabisa jambo la wazi, upo utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, bila wakili. Kwanza unampelekea barua ya madai. Risiti, ujumbe wa siku ya kwanza na video ndivyo vitakavyozungumza.

Dhamana ya mtengenezaji ina nguvu kwa mistari na monita isiyowaka, na ni dhaifu kwa nukta. Sababu ni viwango vya kimataifa. Kiwango cha zamani cha ISO 13406-2, daraja la pili, kiliruhusu kwa kila pikseli milioni moja nukta 2 zinazowaka, 2 zilizokufa, na vijipande 5 vibovu. Kwa Full HD hiyo ni nukta 4 za kila aina na vijipande 10. Kwa 4K yenye pikseli 8,294,400 ni nukta 16 na 16! Mwaka 2008 kiwango hicho kilipisha ISO 9241-307, ambacho pia kina madaraja, kuanzia sifuri, lisiloruhusu hata nukta moja. Watengenezaji huweka jedwali lao la modeli kwa modeli, na inafaa ulisome kabla ya kununua. Dell, kwa mfano, ina mpango wa kubadilisha paneli kwa nukta moja tu inayowaka kwenye baadhi ya monita zake, zikiwemo UltraSharp. Nukta nyeusi haziguswi na ahadi hiyo.

Ingiza namba ya tambulisho kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani. Itakuonyesha tarehe ya mwisho ya dhamana, na mara nyingine nchi ambako monita iliuzwa kwanza. Mizigo mingi inapitia Dubai, na dhamana yake huenda inahudumiwa hukohuko. Kama ni hivyo, dhamana pekee uliyo nayo ni neno la muuzaji, kwa hiyo liandikwe kwenye risiti: miezi mingapi, na inafunika nini. Jua pia kwamba anayebadilishiwa kwa dhamana mara nyingi hupewa monita iliyofanyiwa ukarabati, si mpya. Ukiwa na nukta moja ukingoni na miaka miwili ya dhamana mbele yako, pengine subiri; kasoro kubwa ikija utaidai yote kwa pamoja.

Kupunguziwa bei ni njia nzuri isiyotumiwa vya kutosha. Tuseme monita ya shilingi 700,000 ina nukta moja nyeusi karibu na pembe ya chini. Kurudishiwa 70,000 hadi 100,000 ni haki kwa pande zote, kwa maoni yetu. Nukta hiyo ikiwa katika theluthi ya katikati, au ikiwa inawaka juu ya nyeusi, usiuze macho yako kwa bei hiyo; omba nyingine. Kubadilisha paneli kwa fundi hatukuiweka kwenye jedwali kwa sababu paneli ndiyo sehemu ghali kuliko zote ndani ya monita, na kwa inchi 24 bei yake pamoja na ufundi inakaribia monita mpya.

Kaunta ya duka na basi la kwenda nyumbani

Mnunuzi aliye Kampala ana faida moja kubwa: anaweza kupima kabla ya kulipa. "Ssebo (bwana), hii tuiwashe hapa hapa, nitalipa ikiwa safi" ni ombi ambalo muuzaji mwaminifu halikatai. Beba kompyuta yako au flashi yenye zile picha sita za rangi moja, zenye ukubwa halisi wa skrini unayonunua, na kebo yako mwenyewe. Dakika 10 zinatosha kwa nukta na mistari. Uvujaji wa mwanga hauonekani kwenye duka lenye taa kali, ila ukijifunika koti au leso kichwani pamoja na nusu ya skrini nyeusi, utaona vya kutosha. Watu watakutazama. Waache.

Anayenunua kutoka Gulu, Arua, Mbarara au Mbale hana kaunta, kwa hiyo aombe kaunta ije kwake: video moja isiyokatwa, ianze kwenye namba ya tambulisho nyuma ya monita, izunguke hadi mbele, ipite kwenye nyeupe, nyeusi na rangi tatu, kisha monita iingizwe boksini na kufungwa gundi. Kamera ya simu kutoka mbali haioni pikseli moja, lakini mistari, nyufa na mabaka makubwa itayanasa. Na anayepokea naye afanye vivyo hivyo: arekodi gundi ikiwa nzima, aifungue mbele ya kamera, awashe siku hiyo hiyo. Akisubiri wikendi, basi, bodaboda na duka watasukumiana lawama.

Kwa anayerudisha, sponji zote zirudi kwenye nafasi zake, kigingi cha kusimamia kivuliwe, na kioo kifunikwe kwa mfuko wake wenye povu. Usiweke adapta upande wa kioo. Boksi lisafiri limesimama wima, mishale ikitazama juu, kamwe lisilazwe chini ya magunia, kwa sababu uzito ukilalia katikati ya kioo hakuna sponji itakayokiokoa. Kwenye bodaboda mbebaji awe abiria, alishike boksi ubavu ukitazama mbele, si uso wa kioo. Kabla ya kulikabidhi kwenye basi, piga picha ya pande zote nne na ya risiti ya mzigo, umtumie muuzaji zote kabla gari halijaondoka stendi.